Kando ya kitanda cha mgonjwa, mwalimu wa udaktari hufundisha nini?

Na Mwandishi Wetu, Arusha

SHANGAZI yangu, mkazi wa Sombetini jijini hapa, amekuwa akiugua kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Miaka michache iliyopita alilazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, baada ya kidonda cha mguuni kukataa kupona na sukari yake kugoma kushuka licha ya dawa.

Asubuhi ya siku ya pili walifika kitandani kwake watu wanane waliovaa makoti meupe. Mmoja alikuwa daktari mwalimu, saba walikuwa wanafunzi wake. Daktari alifunua shuka, akaonyesha kidonda, kisha akaanza kuuliza maswali kwa Kiingereza. Msichana mmoja alijibu swali la kwanza, la pili akababaika, la tatu akanyamaza. Mwalimu akamweleza, mbele ya wenzake na mbele ya wodi nzima, kwamba amekosea njia na akatafute kazi nyingine. Kisha msafara ukahamia kitanda kilichofuata.

Shangazi hajui Kiingereza, lakini alielewa kilichotokea. Alidhani binti yule amegombezwa kwa sababu ya kidonda chake yeye. Aliponisimulia saa za kuona wagonjwa, hakulalamika hata kidogo juu ya kufunuliwa shuka mbele ya watu. Alichokuwa akirudia ni kwamba yule mtoto wa watu ameaibishwa.

Jioni hiyo msichana alirudi peke yake. Alimwamkia shikamoo, akaketi pembeni mwa kitanda, akamuuliza anamezaje dawa zake akiwa nyumbani. Shangazi akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata sisi ndugu zake: vidonge alivyoandikiwa kumeza mara mbili kwa siku, yeye alikuwa akimeza mara moja, ili vimfikishe mwisho wa mwezi.

Kesho yake raundi ilipita tena. Daktari akaagiza kwamba mgonjwa atakaporuhusiwa aongezewe kiwango cha dawa, kwa kuwa kile cha awali kilionekana kushindwa kazi. Msichana alikuwa amesimama nyuma kabisa, daftari kifuani, na hakusema neno. Shangazi naye alinyamaza, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Ilichukua siku mbili hadi binti yake alipomnong'oneza sista, ndipo mambo yakarekebishwa. Vinginevyo angerudi Sombetini na dawa nyingi zaidi ambazo asingemudu kuzinunua, na ambazo kama angezimeza zote, sukari ingeweza kushuka kupita kiasi na kumwangusha.

Nimesimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho watafiti wa elimu ya udaktari wamekuwa wakikiandika kwa miongo kadhaa sasa. Taarifa iliyotakiwa ilikuwapo, na mwanafunzi alikuwa ameipata kwa njia sahihi kabisa. Ilikwama kati ya mwanafunzi na mwalimu wake, kwa sababu mwanafunzi aliogopa kufungua mdomo.

Tunapozungumzia utu wa madaktari, kwa kawaida tunamtazama daktari na mgonjwa. Makala haya yanamtazama mtu wa tatu, yaani yule anayemfundisha daktari. Je, naye anaweza kujiweka katika nafasi ya mgonjwa aliyelala pale? Na je, anaweza kujiweka katika nafasi ya mwanafunzi anayetetemeka mbele yake?

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Wenzetu wa Magharibi wana neno lao kwa uwezo huo, lililoingia katika Kiingereza mwaka 1909 pale mwanasaikolojia Edward Titchener alipolitafsiri kutoka Kijerumani. Maana yake ya asili ni kama kuingia ndani ya kitu na kukihisi kutokea humo. Kiswahili hakina neno moja lililokubalika kwa maana hiyo. Wengi husema huruma, lakini huruma si kitu kile kile. Anayemwonea mwenzake huruma mara nyingi yuko juu na mwenzake yuko chini. Tunamwonea huruma ombaomba, na tunaweza kumwonea huruma bila kumuuliza hata jina lake.

Wahenga wetu walikuwa na mashaka kama jambo hilo linawezekana kabisa, ndiyo maana wakasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hata hivyo, lugha hiyo hiyo imetupa neno "pole", ambalo mgeni akilitafsiri hupata tabu. Tunamwambia pole aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyebeba ndoo ya maji, hata anayetoka kazini. Neno hilo halidai kwamba msemaji anayajua maumivu ya mwenzake. Linasema tu kwamba ameyaona na ameyatambua.

Mohammadreza Hojat, mtafiti wa Chuo cha Udaktari cha Jefferson kilichopo Philadelphia, Marekani, analieleza jambo hili kwa namna isiyo mbali na hiyo. Kwake yeye, uwezo huo ni zaidi wa akili kuliko wa machozi: daktari kuelewa mgonjwa anapitia nini, kumfanya mgonjwa ajue kwamba ameeleweka, na kuwa na nia ya kumsaidia. Daktari anayelia pamoja na kila mgonjwa atachoka kabla ya saa sita mchana. Anayemwelewa mgonjwa anaweza kufanya kazi hadi jioni.

Hojat na wenzake walitengeneza dodoso lenye maswali 20 la kupima uwezo huo, ambalo alama zake za juu kabisa ni 140. Mwaka 2009 walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 456 wa chuo hicho. Waligundua kuwa alama zao hazikuyumba sana katika miaka miwili ya mwanzo, lakini zilianguka mwaka wa tatu na hazikupanda tena hadi wanahitimu.

Kwa nini mwaka wa tatu? Katika mfumo wa Marekani, huo ndio mwaka ambao mwanafunzi anatoka darasani na kuingia wodini. Kwa maneno mengine, uwezo wa kumwelewa mgonjwa ulipungua pale hasa mwanafunzi alipoanza kukutana na wagonjwa.

Wapo wasomi waliosema jambo hilo limekuzwa kupita kiasi. Walidai tofauti ya alama ni ndogo na kwamba mtu anayejaza dodoso juu yake mwenyewe hawezi kuaminiwa sana. Ni hoja ya haki. Lakini mapitio ya tafiti 18 yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha mwelekeo huo huo katika tafiti nyingi, na yalipotafuta sababu yalitaja msongo, uchovu, mifano mibaya ya kuigwa na, jambo linalotuhusu hapa, wanafunzi kutendewa vibaya na wakubwa wao.

Hapa nchini safari ya daktari ni ndefu. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini kabla ya usajili kamili. Miaka ya mwanzo ni ya anatomia, kemia ya mwili na vitabu vizito. Baada ya hapo mwanafunzi huzungushwa katika wodi za magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji, na uzazi. Kwa kijana wa Arusha, mara nyingi hiyo ina maana ya kwenda Moshi, umbali wa kilomita takriban 80, kwenye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 1997. Kabla ya katikati ya miaka ya 1990, karibu kila daktari aliyesomea hapa nchini alipitia Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963.

Tangu hapo vyuo vimeongezeka, kuanzia Bugando mjini Mwanza hadi Ifakara, na hilo ni jambo la heri kwa nchi yenye uhaba wa madaktari. Lakini kuongezeka huko kuna upande wake mwingine. Mwalimu mmoja sasa anaweza kuwa na kundi kubwa la wanafunzi kuzunguka kitanda kimoja, na wa nyuma haoni mgonjwa wala hasikii anachosema. Anachokiona vizuri ni mgongo wa mwalimu wake.

Na mgongo huo unafundisha. Mwaka 1994 mwanasosholojia wa Marekani, Frederic Hafferty, akiandika pamoja na mwenzake, alieleza kuwa vyuo vya udaktari vina mitaala miwili. Upo ule ulioandikwa, wenye somo la maadili na mtihani wake. Upo na ule uliojificha, ambao haumo katika kitabu chochote lakini kila mhitimu anaujua: nani anasalimiwa na nani hasalimiwi, mgonjwa gani anaitwa kwa jina na yupi anaitwa kwa ugonjwa wake, utani gani unaruhusiwa, na nini kinampata anayesema "sijui".

Nitatoa mfano mmoja wa kwetu. Kijana wa Kitanzania amelelewa kwamba hawezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Akipita bila shikamoo, jioni habari imeshafika nyumbani kwao. Kijana huyo huyo akiingia wodini nyuma ya mwalimu wake, anapita vitanda ishirini vyenye wazee wa umri wa babu zake, na wakati mwingine hakuna hata salamu moja inayotoka. Hakuna mtaala ulioandika kwamba daktari asisalimie. Hakuna mhadhiri aliyesimama darasani kulifundisha hilo. Amelijifunza kwa siku mbili tu, kwa kumtazama mkubwa wake.

Jambo la pili ni lugha. Elimu ya udaktari Tanzania hutolewa kwa Kiingereza, na wagonjwa wetu wengi wanazungumza Kiswahili. Hapa kwetu, kwenye miteremko ya Meru na kuelekea Monduli na Longido, wapo wazee ambao hata Kiswahili chenyewe hukisikia kwa tabu na husaidiwa na mjukuu kutafsiri. Hivyo raundi ya mafunzo hufanyika juu ya kichwa cha mgonjwa kwa maana zote mbili. Anasikia jina lake, anaona vichwa vikitikiswa, anaona mtu akiandika, kisha wote wanaondoka. Walimu wenye kujali huchukua nusu dakika mwishoni kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili kilichozungumzwa. Wapo, na wanafunzi wao huwakumbuka miaka mingi baadaye. Lakini jambo hilo limeachwa kuwa hiari ya mtu badala ya kuwa sehemu ya somo.

Msomaji anaweza kuuliza kama haya yote si masuala ya adabu tu. Daktari akiwa mkali lakini anatibu, si afadhali? Ni swali ambalo hata mimi nililiuliza, na majibu yaliyopo yanashangaza kidogo.

Mwaka 2011 Hojat na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wagonjwa wa kisukari 891 waliokuwa wakitibiwa na madaktari 29. Walipima alama za madaktari kwa dodoso lile, kisha wakaangalia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya mgonjwa kwa takriban miezi mitatu. Kwa madaktari wenye alama za juu, asilimia 56 ya wagonjwa walikuwa wameidhibiti sukari vizuri. Kwa wenye alama za chini, ilikuwa asilimia 40.

Mwaka uliofuata ulitoka utafiti mwingine kutoka Parma, Italia, wenye wagonjwa wa kisukari 20,961 na madaktari 242. Safari hii walihesabu wagonjwa waliofikishwa hospitalini kwa madhara ya ghafla ya sukari, yakiwamo ya kupoteza fahamu. Kwa madaktari wenye alama za juu walikuwa 4 kwa kila wagonjwa 1,000. Kwa madaktari wengine walikuwa kati ya 6 na 7 hivi.

Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba upole wa daktari ndio ulioshusha sukari. Huenda daktari anayejali ni yule yule anayesoma zaidi na kufuatilia zaidi. Lakini kisa cha shangazi kinaonyesha njia moja ambayo jambo hilo hupitia, na haina muujiza wowote. Mgonjwa anayeona kuwa anasikilizwa husema kwamba hamezi dawa zote, au kwamba anachanganya na dawa za mitishamba. Anayeogopa huitikia "ndiyo dokta", kisha daktari anatibu ugonjwa wa kwenye karatasi.

Hofu hiyo huwafanya watu waseme uongo hata kwa watafiti. Katika wilaya za Korogwe na Muheza mkoani Tanga, Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani waliendesha mradi ulioitwa Staha, uliochunguza namna wanawake wanavyotendewa wanapojifungua katika vituo vya afya. Wanawake walipoulizwa wakiwa bado kituoni, takriban asilimia 19 walisema walitendewa bila heshima: walifokewa, walipuuzwa, walidhalilishwa. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye na kuulizwa tena, idadi ilipanda hadi asilimia 28. Ukiwa bado umelala kwenye kitanda chao, na mtoto wako mchanga yuko mikononi mwao, huwezi kusema yote.

Mradi huo ulifanya jambo jingine linalostahili kusemwa. Baada ya mkataba wa huduma kwa mteja kujadiliwa na jamii na watumishi kwa pamoja, na wodi ya wazazi kupewa nafasi ya kurekebisha kasoro zake yenyewe, uwezekano wa mwanamke kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66 ukilinganisha na upande ambao haukuwa na mpango huo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Waliofanya mabadiliko ni watumishi wale wale, wenye mishahara ile ile. Kwa hiyo tabia ya wodi si kama hali ya hewa ya mlimani, ambayo mtu huamka na kuikuta tu.

Ni kweli kwamba walimu wa udaktari wana mzigo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, ambayo ndiyo kimbilio la wakazi wa Sombetini, Mbauda, na mitaa mingine ya jiji hili, hupokea pia wagonjwa kutoka wilaya za jirani. Katika hospitali za namna hiyo daktari anayemwongoza kijana wa mafunzo ndiye huyo huyo anayesubiriwa chumba cha upasuaji, ndiye anayesaini mafaili, na pengine usiku uliopita hakulala. Katika hali kama hiyo ni rahisi kusema kwamba kumsikiliza mgonjwa ni anasa ya nchi tajiri.

Lakini hapa kuna jambo la kuvutia kutoka kwa jirani zetu. Claire Wendland, daktari wa uzazi na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliishi na wanafunzi wa chuo cha udaktari cha Blantyre, Malawi, na mwaka 2010 akachapisha kitabu juu yao. Alitarajia kuona kile kilichoandikwa kuhusu wanafunzi wa Ulaya na Marekani, yaani mioyo kuwa migumu kadiri miaka inavyopita. Alichokikuta ni tofauti. Katika wodi zisizo na dawa wala vifaa, wengi wa wanafunzi wale walianza kuona kwamba moyo wa kazi na upendo kwa mgonjwa ni sehemu ya udaktari wenyewe, na wakawa na hasira si kwa mgonjwa bali kwa hali iliyomfikisha pale. Umaskini wa wodi, kwa hiyo, haulazimishi ukatili. Inategemea mwanafunzi anafundishwa kuutafsiri vipi, na anayemfundisha kuutafsiri ni mwalimu wake.

Na kuhusu muda, hesabu si mbaya kama inavyodhaniwa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walirekodi mazungumzo 74 ya daktari na mgonjwa. Waligundua kwamba daktari alimkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Miaka mingi baadaye, mjini Basel, Uswisi, madaktari walielekezwa wakae kimya hadi mgonjwa amalize mwenyewe. Kati ya wagonjwa 335, wastani wa maelezo yao ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walimaliza kabla ya dakika mbili. Ule mkutano wa nusu saa ambao daktari anauogopa haukutokea.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2012 kutoka hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas, ulimpa kazi daktari mmoja wa upasuaji: baadhi ya wagonjwa awatembelee akiwa amesimama, wengine akiwa ameketi. Alipoketi alitumia kidogo zaidi ya dakika moja kitandani, lakini wagonjwa waliamini kwamba amekaa zaidi ya dakika tano. Alipokuwa amesimama alitumia muda mrefu kidogo kuliko huo, nao waliona amekaa muda mfupi. Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka kwamba katika wodi ya shangazi hapakuwa na kiti hata kimoja kando ya kitanda. Kiti cha plastiki kinauzwa soko la Kilombero kwa bei ambayo hospitali yoyote inaimudu.

Je, mwalimu mwenyewe anaweza kufundishwa? Hapa ndipo penye pengo. Daktari bingwa hupewa wanafunzi kwa sababu amebobea katika moyo, figo au upasuaji. Mara nyingi hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kufundisha, kwa hiyo anafundisha alivyofundishwa. Kama yeye alifokewa mbele ya wodi na akafika hapo alipo, anaamini kufokewa ndiko kulikomfikisha. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na wana hao wanakuja kulea wenzao.

Arusha ina bahati katika jambo hili, ingawa wakazi wake wengi hawajui. Tangu miaka ya 1980 jiji hili lina kituo cha kuendeleza elimu ya afya, kinachojulikana kwa kifupi chake CEDHA, kilicho chini ya Wizara ya Afya, ambacho kazi yake ya msingi imekuwa kuwaandaa walimu wa vyuo vya afya. Wazo lililokianzisha ni rahisi: kujua kutibu ni jambo moja, na kujua kufundisha kutibu ni jambo jingine. Walimu wa matabibu na wauguzi wamepita huko. Ni ajabu kidogo kwamba jambo linaloonekana la lazima kwa mwalimu wa tabibu linaweza kuonekana la ziada kwa mwalimu wa daktari.

Muhimbili nayo, mwaka 2011, ilianza kutumia mitaala mipya inayopima mhitimu kwa kile anachoweza kutenda, yakiwamo mawasiliano na maadili ya kazi, badala ya kile anachokumbuka tu. Ni hatua kubwa. Hata hivyo mtaala huo mpya bado unapita kwenye kinywa na mikono ya mwalimu yule yule.

Njia za kumsaidia zinajulikana. Tangu mwaka 1963, Howard Barrows wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California alipoanza kuwatumia watu wenye afya walioandaliwa kuigiza wagonjwa, vyuo vingi duniani vimekuwa vikitumia wagonjwa wa namna hiyo, ambao mwishoni humweleza mwanafunzi alivyowafanya wajisikie. Hakuna sababu ya mwalimu naye asipitie hapo. Mjini London, miaka ya 1950, Michael Balint aliwakusanya madaktari katika vikundi vidogo wazungumze juu ya wagonjwa waliowasumbua, na vikundi hivyo vipo hadi leo katika nchi nyingi. Huko Boston, Helen Riess na wenzake waliwapa madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa vipindi vitatu vya saa moja moja, na wagonjwa ambao hawakujua nani amefundishwa wakawapa alama za juu zaidi waliopitia vipindi hivyo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2012. Jumla yake ni saa tatu.

Lakini nadhani hatua ya kwanza haihitaji hata saa hizo tatu. Mwalimu anaweza kuwaambia wanafunzi wake, kabla ya kuingia wodini, kwamba asiyejua aseme hajui na hatadhurika. Anaweza kumuuliza wa nyuma kabisa kama kuna jambo ambalo mgonjwa alimweleza jana. Anaweza kumsahihisha aliyekosea wakiwa wametoka nje ya mlango. Kama hayo yangefanyika asubuhi ile, daftari lililokuwa kifuani kwa msichana lingefunguliwa, na shangazi asingesubiri siku mbili.

Shangazi alipona kidonda, bila kukatwa kidole. Bado anaishi Sombetini, na bado anapanda kifodi kwenda kliniki yake ya kila mwezi akiwa na mfuko wa nailoni wenye maboksi ya dawa, yaliyoisha na yasiyoisha, ili akiulizwa aonyeshe. Yule msichana hakumwona tena. Mpaka leo, kila anapoitwa na daktari kijana wa kike, humtazama usoni kwanza kama ni yeye, na iwe ni yeye au si yeye, humwambia pole na kazi mwanangu kabla hajaketi.